Tahadhari: karatasi za daino za "farasi 340" zinazouzwa Nakuru

Wadau wa Nakuru, Kisumu na huko juu Eldoret, kuna fundi anayezunguka na laptopu akiahidi kuongeza nguvu ya injini kwa kuandika upya programu ya kompyuta ya gari. Jina silitaji kwa sababu malalamiko yameshafika polisi. Ila mbinu yake ni vizuri muijue.

Tangu Safari Rally irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 na magari kuanza kutifua vumbi la Naivasha, kila mwenye kebo kaunti hii amejiita mtaalamu. Wengine ni watu wa kazi kweli. Huyu siye.

Mtoto wa shangazi yangu ana Subaru Impreza ya tabo (kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini), nguvu za farasi 250 kutoka kiwandani. Alimtumia jamaa shilingi 65,000 kwa M-Pesa, akarudishiwa gari linalopiga baruti kwenye ekshosi kila anapoachia mafuta, pamoja na karatasi ya daino, mashine ya kupimia nguvu ya injini, yenye rangi za kuvutia: kabla 250, baada 340. Kelele zenyewe ni tamu, sikatai. Vijana wa mtaani walishangilia.

Lakini gari hilo lilikuwa limeshakimbia robo maili, yaani mita 402, kwenye mbio zenye mitambo ya kupimia muda, kabla halijaguswa. Lilipita mstari wa mwisho kwa kilomita 150 kwa saa, sekunde 15.1. Baada ya kazi, uwanja uleule na dereva yuleyule: kilomita 152, sekunde 14.9. Alipoulizwa, fundi akajibu, "Kaka, wewe hujui kuondoka."

Hapo ndipo watu wengi hunyamaza, maana jibu lina chembe ya ukweli. Muda wa robo maili huamuliwa sana na mwondoko: matairi yakiteleza, klachi ikisita, sekunde nzima inaweza kupotea. Kasi ya mwisho ni habari nyingine. Hupimwa kwenye mita 20 hivi za mwisho, na mwondoko mbaya hauipunguzi sana. Inayoiamua ni nguvu ya injini ikilinganishwa na uzito wa gari. Na kama atasema dereva alichelewa kuona taa, mwambieni saa ya gari haianzi taa inapowaka. Huanza gari linapoondoka kwenye mwali wa kupimia ulio kwenye mstari wa kuanzia.

Hesabu yake mtu yeyote anaiweza kwa simu. Uzito usipobadilika, nguvu hupanda kwa kipeo cha tatu cha kasi ya mwisho. Gawanya 152 kwa 150, jibu liandike mara tatu na uzidishe (1.0133 × 1.0133 × 1.0133): unapata 1.04. Yaani asilimia 4, tofauti ambayo hata asubuhi ya baridi inaweza kuileta. Kutoka 250 hadi 340 ni asilimia 36, na gari lingepaswa kupita pale kwa kilomita 166 hivi. Kilomita 14 hazipotei kwa dereva kusinzia.

Kama huna kipimo cha kabla, chukua kasi ya mwisho, igawanye kwa 290, tafuta kipeo cha tatu, kisha zidisha kwa uzito wa gari na dereva kwa kilo. Hili la binamu, kilo 1,480, linatoa farasi 213. Ni makadirio tu, na yanaweza kukosea farasi 20. Hayakosei 127. Wala msishangae kwamba 213 ni chini ya 250 za kiwandani: injini ni ya zamani, na Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi.

Hewa hiyo nyepesi ndiyo uchochoro wao mwingine. Mashine ya daino huwa na marekebisho yanayokadiria injini ingetoa nguvu gani kwenye hewa nzito ya chini. Kwa injini isiyo na tabo, hayo ni halali. Kwa ya tabo, ambayo tayari inajisukumia hewa, marekebisho yaleyale yanaongeza farasi ambao hawapo. Na anayeendesha mashine akiingiza joto au shinikizo la hewa la uongo, anapata namba anayoitaka. Dai namba isiyorekebishwa, ya kabla na ya baada, siku moja, mashine moja, gia ileile.

Karatasi yenyewe nayo ilijisaliti. Farasi ni torki (nguvu ya injini ya kuzungusha) kwa futi-ratili, mara mizunguko ya injini kwa dakika, gawanya kwa 5,252. Kwa hiyo mistari miwili ya mchoro, wa farasi na wa torki, ikichorwa kwa skeli moja, lazima ikutane kwenye mizunguko 5,252. Ya binamu inakutana kwenye 4,600. Hakuna injini ya namna hiyo, iwe ya Japani au ya Marekani. Torki ikiandikwa kwa Nm (nyutoni-mita), zidisha kwa mizunguko na ugawanye kwa takriban 7,100. Farasi wasipolingana na mchoro, imechorwa tu. Halafu tukaletewa karatasi ya Toyota Mark X isiyo na tabo kabisa, iliyotoka kwa fundi huyohuyo: mikunjo ileile, kibonde kilekile karibu na 3,000. Alibadilisha nambari ya gari tu.

Fundi wa Kisumu alipoisoma ile programu, alikuta karibu yote ni ya kiwandani, ila kikomo cha mizunguko kimepandishwa na mwako umecheleweshwa ili ekshosi ilie. Kwa injini ya zamani, kikomo kupandishwa hivyo ni hatari. Binamu amerudisha programu ya awali.

Mkitaka kupima, nendeni kwenye mbio zilizoandaliwa na kuruhusiwa. Tafadhali si barabara ya Salgaa, imeua watu wa kutosha.

Laini yake ya zamani haipatikani tena. Tangazo jipya, lenye picha zilezile za karatasi, linasema anakuja Kisumu na anataka dipoziti ya nusu ndipo akupe siku. Mwenye miadi naye asitume kitu kabla hajaiona mistari ikikutana 5,252.