Laptopu iliyotumika: ipi ununue Unguja, ipi upeleke Pemba

Ukipita maduka ya Darajani au Mlandege kutafuta laptopu ya mtumba, ile yenye tufaha lililomegwa, yaani Mac ya Apple, ndiyo inayokataa kushuka bei. Watu husema unalipia jina. Jina limo, lakini kuna jengine.

Mwaka 1997 Apple ilikuwa ukingoni mwa kufilisika. Steve Jobs akarudi, Microsoft ikaweka dola milioni 150, na mwaka 1998 ikatoka iMac. Hadi leo Mac ni sehemu ndogo ya kompyuta zinazouzwa duniani, na bado iko hai. Sababu ni kwamba mfumo wa macOS ni wa Apple peke yake. HP, Dell na Lenovo wote wanauza Windows ile ile, basi wanakatana bei. Aliyeizoea Mac akitaka nyengine, duka ni lile lile moja. Ndiyo maana hata ya mtumba haikosi mnunuzi.

Ya kwanza: MacBook Air ya M1 (2020). Hii ndiyo ninayomwambia kila ndugu anayeniuliza. Chipu yake, M1, Apple waliiunda wenyewe, haili umeme, na mashine haina feni, kwa hiyo haivuti vumbi ndani. Apple walitangaza hadi saa 18 za kutazama video. Ya mtumba haitafika huko, lakini betri ikiwa nzima utafanya kazi ya siku bila kutafuta soketi. Aliyekuwepo Unguja tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu hatuna umeme, hahitaji kuelezwa thamani ya hilo. Kasoro yake ni kwamba memori imeunganishwa moja kwa moja na huwezi kuiongeza baadaye. GB 8 zinamtosha mwanafunzi. Mwenye kukata video atafute 16.

Ya pili: ThinkPad T480. Kwa anayeishi Wete au Chake Chake, mbali na fundi wa Mac, hii naiweka mbele hata ya M1. Jina la ThinkPad lilianza IBM mwaka 1992, likahamia Lenovo 2005, nalo pia linaishi kwa sifa yake. Betri ya nje unaichomoa kwa mkono, memori unaongeza, na fundi mwenye bisibisi anaifungua. Kama programu ya hesabu za duka lako ni ya Windows tu, usihangaike na Mac. Lakini usiuziwe T470 ukaambiwa ni sawasawa. Kwa macho zinafanana, ila prosesa yake ya kizazi cha 7 haimo katika orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11, na Windows 10 iliachwa rasmi tarehe 14 Oktoba 2025. EliteBook 840 G5 ya HP, yenye prosesa ya kizazi cha 8, ni mbadala mzuri.

Ya tatu: MacBook Air ya 2017. Ya kuandikia na kutazamia tu, na iwe rahisi kweli. Mfumo wake umekomea toleo la Monterey, haupandi tena juu ya hapo.

Ziache: MacBook Pro za 2016 hadi 2019 (isipokuwa ya inchi 16) na Air za 2018 na 2019. Kibodi zake zilikuwa na vitufe vyembamba vinavyokwama kwa chembe ya vumbi, hadi Apple wakafungua mpango wa kuzitengeneza bure. Kwetu mchanga unaingia hadi kwenye mto wa kulalia.

Ukichagua Mac, usitoe pesa kabla ya kumtaka muuzaji aifute yote mbele yako na kuiwasha upya ikiwa na intaneti. Ikidai akaunti ya mtu au ya kampuni usiyoijua, irudishe hapo hapo, kwani hutaifungua maisha. Kisha angalia mizunguko ya betri, yaani mara ngapi imetumika chaji nzima: M1 imetengenezewa 1,000, na mimi nikikuta imevuka 600 nadai bei ishuke. Ichomeke na chaja yake uone inajaa, hasa kama kesho yake unapanda boti ya Mkoani.