Mbegu za Mboga za Majani kwa Miezi ya Joto Nairobi: Ipi Itangulie Kununuliwa

Mkulima wa Kitengela au Ruai anayeingia kwenye duka la pembejeo mwezi Januari huvutiwa na picha iliyo kwenye pakiti, ilhali uwezo wa mboga kuhimili jua la Februari umeandikwa katika jeni zake. Tabia hii hutawaliwa na jeni nyingi kwa pamoja. Kwa hiyo maneno "hustahimili joto" kwenye pakiti ya letasi humaanisha tu kwamba inazishinda letasi nyingine, wala hayaifanyi kuwa sawa na terere.

Nafasi ya kwanza naipa terere, na saga inaifuata kwa karibu. Mimea hii miwili imerithi mfumo wa usanisinuru (njia ya mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua) uitwao C4, ambao hukusanya kaboni dioksidi kwa wingi karibu na kimeng'enya, yaani protini ya kuharakisha kazi hiyo, kinachoitumia. Katika sukuma wiki, managu, kunde na spinachi, kadiri joto linavyopanda ndivyo kimeng'enya hicho kinavyozidi kunasa oksijeni badala ya kaboni dioksidi, na mmea hupoteza sehemu ya chakula ulichokwisha kujitengenezea. Kasoro ya saga ni haraka yake ya kutoa maua, hivyo anayeinunua awe tayari kuyadokoa mapema.

Ya tatu ni kunde, hasa pale ambapo maji ni ya shida.

Sukuma wiki naiweka ya nne, ingawa najua wengi watanipinga, kwa kuwa ndiyo inayouzika kila kona ya jiji. Chagua aina ya Southern Georgia, ambayo huvumilia joto vizuri kuliko sukuma zenye majani ya kujikunja. Ukinunua chotara ya F1, yaani kizazi cha kwanza cha wazazi wawili wa aina tofauti, usitunze mbegu zake kwa msimu ujao, kwani jeni za wazazi hugawanyika upya na kizazi cha pili hakifanani.

Letasi ni ya mwisho. Udongo unapokaribia nyuzi 30 za Selsiasi, jeni iitwayo LsNCED4 huchochea utengenezaji wa asidi ya absisiki ndani ya mbegu, na homoni hiyo huizuia kuota. Mnunuzi naye humlaumu mwenye duka kwa mbegu ambayo haijafa bali imelala. Katika letasi mwitu fulani jeni hiyo haiamshwi na joto, na watafiti wameitumia katika uzalishaji wa aina mpya. Anayeitaka letasi hata hivyo aioteshe kwenye kitalu chenye kivuli na aimwagilie maji jioni.

Kwa pakiti yoyote, kagua tarehe ya mwisho ya matumizi na stika ya KEPHIS, shirika la serikali linalokagua ubora wa mbegu, kabla ya kulipa, na uikatae iliyoanikwa juani mbele ya duka.