Friji ya kubebeka nyuma ya pikapu: uzoefu wangu katika safari za Sengerema na Ukerewe

Kwa miaka mingi chanjo za mifugo ninazowapelekea wafugaji wa Sengerema, Magu na Ukerewe zilisafiri ndani ya deli lililojazwa barafu, na yeyote aliyewahi kufanya kazi hii anajua jinsi barafu inavyogeuka maji kabla ya adhuhuri, chupa zikabaki zinaelea na lebo zake zikibanduka. Mwaka jana nilinunua friji ya kubebeka ya lita 40, inayotumia kompresa (pampu ya kuzungusha gesi ya kupoza) na umeme wa volti 12 au 24, kwa shilingi 1,150,000 katika duka moja la katikati ya jiji la Mwanza, nikaifunga nyuma ya pikapu yangu. Tangu siku hiyo nimesafiri nayo karibu kila wiki.

Muuzaji alinionyesha kwanza masanduku ya bei nafuu yanayopoza bila kompresa. Masanduku hayo hushusha joto kwa takriban nyuzi 20 tu chini ya joto la mahali yalipo, kwa hiyo saa nane mchana, bodi ya pikapu ikiwa imefikia nyuzi 35, ndani mtapata nyuzi 15. Kwa soda si haba, lakini chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na hapo mazungumzo yakaishia.

Friji yenyewe haikunipa taabu. Walionitaabisha ni waya na fundi. Tundu la umeme lililo ndani ya kebini ya gari langu hukatika mara tu ufunguo unapozimwa, ndiyo maana nilimwomba fundi anivutie waya kutoka kwenye betri moja kwa moja hadi nyuma. Akavuta waya mwembamba wa milimita 1.5 za mraba, wa kiasi cha mita 6, akaniambia kazi imekwisha. Safari ya kwanza ilikwenda vizuri mpaka tulipofika Kisorya kusubiri kivuko cha kwenda Rugezi, upande wa Ukerewe. Dakika chache baada ya kuzima injini friji ilianza kulia, ikaonyesha alama ya umeme mdogo, kisha ikajizima. Nilipowasha injini ikaamka, na nilipoizima ikalala tena. Niliilaumu betri, nikakaribia kununua nyingine.

Fundi wa pili, mzee mmoja wa Nyakato asiyependa maneno mengi, alichukua mita yake akapima mara mbili. Kwenye betri, injini ikiwa imezimwa, alipata volti 12.4, na kwenye plagi ya friji, kompresa ikiwa inafanya kazi, alipata 11.6. Betri ilikuwa nzima kabisa, ila karibu volti nzima ilikuwa inapotelea njiani, kwa sababu kompresa huvuta takriban ampea 5 na waya mwembamba wenye urefu ule huzuia umeme mwingi kuliko mtu anavyodhani. Friji hizi zina kinga ya kuzuia betri ya gari isimalizwe, nami nilikuwa nimeiweka katika kiwango cha juu, hivyo iliposoma volti ndogo ikadhani betri inakwisha, ikajizima kama ilivyoagizwa. Injini ikiwa inazunguka, jenereta hupandisha volti hadi kama 14 na ugonjwa hauonekani. Mzee aling'oa waya ule, akaweka wa milimita 6 za mraba, akafunga fyuzi ya ampea 15 karibu kabisa na betri, na plagi ya kubana kwa skrubu badala ya ile inayochomoka kila gari linaporuka shimo. Volti inayopotea sasa haifiki hata robo. Anayetaka kununua friji ya aina hii aitenge pesa ya waya mapema, wala asikubali kuambiwa kwamba waya wowote unafaa.

Baada ya hapo nimelala Nansio usiku mmoja na friji ikiwa inafanya kazi, na asubuhi gari likawaka bila kusukumwa, kwa kuwa usiku wa baridi kompresa hupumzika zaidi kuliko inavyofanya kazi. Usiku wa pili mfululizo bila kuendesha gari sijauthubutu, na sitauthubutu kabla sijafunga betri ya pili. Upande wa Sengerema shida ya kuzima injini tukisubiri kivuko haipo tena, kwani tangu Daraja la JP Magufuli lilipofunguliwa Juni 2025 tunavuka Kigongo hadi Busisi bila kuzima injini.

Jambo jingine lililonishangaza ni kwamba kioo cha friji hakisemi habari yote. Kilikuwa kinaonyesha nyuzi 4, lakini kipimajoto changu nilichokilaza sakafuni kikasoma 0. Chanjo za vimelea vilivyouawa na kuchanganywa na chumvi za aluminiamu, kama zile za chambavu (ugonjwa wa ng'ombe), zikiganda huwa zimeharibika hata kama zitayeyuka na kuonekana safi machoni, kwa hiyo hatari hii ni kubwa kuliko ya joto. Nimetandika boksi gumu chini, ninaweka kipimo kwenye nyuzi 5, na kipimajoto hakitoki humo.

Kuhusu mahali pa kuiweka, niliianzia karibu na mlango wa nyuma kwa ajili ya urahisi wa kufungua, na nikajuta, maana huko gari hurusha mizigo zaidi. Sasa imekaa nyuma ya kebini, juu ya kipande cha mpira wa tairi, imebanwa kwa mikanda miwili. Jua nalo lilikuwa linaifanya kompresa isipumzike, hadi nilipomshonesha fundi koti la turubai lenye sponji ndani. Alisahau kuacha nafasi kwenye matundu ya hewa, tukalirudisha likatobolewa. Vumbi la barabara za ndani ya Ukerewe huziba matundu hayo hayo, na kila Jumamosi ninayasafisha kwa brashi ya rangi.

Kelele yake ni ndogo, sina la kusema.

Kosa moja ni langu mwenyewe. Mama watoto aliniagiza sato wa Nansio, chanjo zilikuwa zimekwisha, nikawapakia humo ingawa najua kwamba chakula na chanjo havikai pamoja. Nilisugua kwa sabuni na ndimu, nikaiacha wazi siku tatu, na harufu haikutoka hadi wiki ya pili. Deli la zamani limerudishwa kazini: linakaa ubavuni mwa friji, tupu wakati wa kwenda, na kurudi limejaa barafu na sato.