Uzoefu wangu na TERMIUM Plus: kutafsiri majina ya miti Kiingereza kwenda Kifaransa

Mimi natafsiri makaratasi ya vitalu vya miti hapa Québec, jimbo la Kanada linaloongea Kifaransa, katalogi za miche, lebo, maelekezo ya kupanda na kupogolea, na mtu akiniuliza aanzie wapi namwambia fungua TERMIUM Plus kwanza. Ni benki ya istilahi ya serikali ya Kanada, inasimamiwa na ofisi yao ya tafsiri, tangu 2009 iko bure kwa kila mtu, hakuna kujisajili wala nini, unaandika neno unapata.

Nachoipendea zaidi ni kwamba neno linakuja na fani yake, yaani taaluma linakotumika. Juzi kati mteja kaniletea kazi ameshaipitisha kwenye programu fulani ya kutafsiri, anataka nirekebishe tu, nasoma naona watu wanaambiwa wapande ciguë kuzunguka nyumba. Ciguë jamani ni ule mmea wa sumu aliokunywa Socrates! Kiingereza kilikuwa kimesema hemlock, na hilo jina lina vitu viwili, huo mmea wa sumu, halafu kuna mti mkubwa wa jamii ya misonobari unaoota sana Kanada ya mashariki na watu wanaupanda kweli kama uzio, huu Kifaransa cha hapa ni pruche. Programu ikachagua sumu. Na humo humo nursery imekuwa garderie, yaani miche imepelekwa chekechea badala ya pépinière, kitalu cha miti. Hapo ndo utaona umuhimu wa fani na jina la kisayansi, ukishaona Tsuga huna wasiwasi tena, ni pruche.

Jambo lingine ni Kifaransa cha wapi. Sisi tuliofundishwa Kifaransa cha Ufaransa tunajua spruce, mti mwingine wa jamii ya misonobari, ni épicéa, lakini hapa watu wanasema épinette, na ile nyeusi iliyojaa misitu ya kaskazini ni épinette noire. Au cedar: wa-Québec wanaita cèdre mti ambao Ufaransa ni thuya, maana Ufaransa ukisema cèdre mtu anawaza ile mierezi ya Lebanoni. Kwa hiyo mimi nafungua na Grand dictionnaire terminologique, kamusi ya istilahi ya Office québécois de la langue française, ofisi ya lugha ya Kifaransa ya serikali ya Québec, pembeni, nayo bure, zikikubaliana naandika, zisipokubaliana namuuliza mteja anauza wapi.

Miti ya matunda kwetu waswahili ni mteremko, sisi embe linatoka kwenye mwembe na chungwa kwenye mchungwa, wao mangue manguier, orange oranger, pomme pommier, ni mtindo ule ule ila wao wanabadilisha mwisho wa neno. Na karibu miti yote Kifaransa ni ya kiume, chêne, érable, pin, sapin, ila shika hili: épinette na pruche ni za kike, ukikosea hapo sentensi nzima inaharibika kwa sababu sifa zote zinafuata.

Kwa misemo sasa usiende TERMIUM, yenyewe kazi yake ni istilahi za kitaalamu, mimi naenda WordReference, kamusi ya mtandaoni, nasoma mpaka mijadala ya watu kule chini. Barking up the wrong tree, yaani kukosea njia, Kifaransa hakina mti kabisa, ni faire fausse route. Ule wa mtu kushindwa kuona msitu kwa sababu ya miti, wao mti mmoja tu unatosha, c'est l'arbre qui cache la forêt. Family tree inabaki na mti wake, arbre généalogique. Mti wa Krismasi wengi wanasema sapin de Noël, na hili angalia sana kwenye katalogi za Desemba, maana sapin peke yake ni aina maalum ya mti, kama kitalu kinauza misonobari kwa ajili ya Krismasi andika na aina yenyewe, pin sylvestre kwa mfano, mnunuzi ajue analipia nini.