Uzoefu wangu na wakala wa masomo ya nje Kisumu: karatasi wanazijua, chuo jitafutie

Nimemaliza kujitayarisha kwenda Uingereza kusomea shahada ya uzamili ya afya ya umma, na sehemu kubwa ya safari hiyo nimepitia kwa wakala mmoja wa hapa Kisumu. Jina lake silitaji, maana wenzangu wa Maseno waliopitia ofisi nyingine wanasimulia mambo yayo hayo.

Kwa upande wa karatasi, nawasifu bila kusita. Dada aliyenihudumia alizipanga mezani cheti changu cha kuzaliwa, kitambulisho, cheti cha KCSE, yaani mtihani wa kidato cha nne, na pasipoti, akapitisha kalamu chini ya jina langu herufi kwa herufi. Kwenye cheti cha kuzaliwa jina la baba lina herufi ambayo KCSE haina. "Dada yangu, ukiwa na majina mawili, kwao wewe ni watu wawili," akaniambia, na siku hiyo hiyo akanituma kwa wakili kuapa hati ya kiapo.

Kwenye pesa ndiko nilikoona thamani ya ada yao. Uingereza inataka uonyeshe karo ya mwaka iliyobaki pamoja na pesa za kujikimu za miezi 9, ambazo kwa chuo kilicho nje ya London ni pauni 1,171 kwa mwezi. Pesa hizo zikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka hata siku moja, na taarifa ya benki isiwe imepitisha siku 31 unapotuma ombi. Akaunti ilikuwa ya mama, kwa hivyo tulihitaji pia cheti changu cha kuzaliwa na barua yake ya kukubali pesa zitumike kunisomesha. Siku ya kukagua taarifa, yule dada alisimamisha kidole kwenye mstari mmoja. "Mama, hizi laki nane zimetoka wapi?" Mama akajibu ni za shamba. "Mkataba wa kuuza mnao?" Ulikuwa nyumbani Luanda, kule Vihiga, tukaufuata. Kisha akaizungushia wino siku ya 28 kwenye kalenda ya ukutani, na akamsihi mama asitoe hata pesa ya mbolea kwenye akaunti hiyo. Ushauri wa namna hiyo nilikuwa tayari kuulipia.

Kuchagua chuo ni habari nyingine. Vyuo vingi vya Uingereza humlipa wakala kamisheni kwa kila mwanafunzi anayejiandikisha kupitia kwake. Si kosa la jinai, lakini mzazi anayeingia pale anastahili kuambiwa mapema, na sisi hatukuambiwa. Kila nilipotaja chuo nilichokitaka nilijibiwa kwamba hicho ni kigumu, nikarudishwa kwa vitatu vile vile vyenye vipeperushi mezani. Niliomba mwenyewe kwenye tovuti ya chuo, bila malipo, nikakubaliwa. Wakala akakubali kunihudumia kwa visa peke yake.

Walitaka pia nijiunge na darasa lao la Kiingereza kabla ya mtihani wa IELTS. Nilikiandikia chuo, nikajibiwa kwamba alama yangu ya Kiingereza ya KCSE inatosha. Vyuo vingi vya huko huikubali. Uliza chuo chako kwanza kabla ya kulipa darasa la mtu.

Kilichoniudhi hasa ni makadirio yao ya gharama. Karatasi ya kwanza waliyotupa haikuwa na ada ya afya ya Uingereza, ambayo kwa mwanafunzi ni pauni 776 kwa mwaka. Kwa kozi ya mwaka mmoja inafika pauni 1,164, kwa kuwa visa yenyewe hupita mwaka, na hulipwa yote kwa mkupuo unapoomba. Pesa kama hizo zikijitokeza dakika ya mwisho zinaweza kuvunja familia. Kipimo cha kifua kikuu ambacho Mkenya lazima afanyiwe hakikuwemo pia, wala nauli ya kwenda Nairobi kukifanya.

Huku kwetu nani asiyekumbuka ya Uasin Gishu? Mwaka 2023 wazazi waliandamana Eldoret wakidai pesa walizotoa kwa mpango wa kaunti wa kupeleka watoto Ufini na Kanada. Ndiyo maana mama alisema wazi siku ya kwanza: karo italipwa moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo, na ada ya wakala kwa mkataba na risiti yenye muhuri. Walikubali bila ubishi, na hilo nawahesabia.

Mdogo wangu yeye anataka Ujerumani, na kwa wakala huyu hakupata msaada wowote. Vyuo vya umma vya huko kwa kawaida havitozi karo, wala haviwatafuti mawakala. Anajifanyia mwenyewe kupitia uni-assist, shirika linalopokea na kukagua maombi ya wageni kwa niaba ya vyuo vingi vya huko, kwa euro 75 kwa ombi la kwanza na euro 30 kwa kila linalofuata. KCSE peke yake haimwingizi chuo kikuu cha huko moja kwa moja, kwa hivyo anaomba nafasi ya Studienkolleg, masomo ya kuwaandaa wageni kabla ya kuingia chuo kikuu. Mama ameshaanza kuhesabu zile euro 11,904 za kujikimu mwaka wa kwanza, ambazo huwekwa kwenye akaunti maalumu iliyofungwa kwa ajili ya visa, na safari hii shamba haliuzwi, anakopa sacco.