Tepu ya mita 5 yenye inchi na sentimita: tathmini kutoka karakana ya samani

Tepu ya chuma ya mita 5 yenye inchi kwenye ukingo mmoja na sentimita kwenye ukingo wa pili inauzwa karibu katika kila duka la vifaa vya ujenzi, na ndiyo utakayoikuta imening'inia kiunoni mwa maseremala wengi wa Keko jijini Dar es Salaam. Ninayoitathmini hapa ni ya kawaida kabisa: utepe wenye upana wa milimita 19, ganda la plastiki lililovikwa mpira, kitufe cha kuuzuia utepe usirudi, na maandishi ya 5m/16ft ubavuni. Kwa upande wa chuma na springi haina kasoro kubwa. Kasoro yake imo katika jambo lile lile ambalo muuzaji hulitaja kwanza kuwa sifa, yaani kupima kwa mifumo miwili kwa pamoja, na kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya tathmini hii inahusu aibu zinazoipata karakana pale mifumo hiyo inapochanganywa.

Kosa kubwa kuliko yote ndilo lenye madhara madogo. Ubao uliotakiwa kuwa na inchi 24 ukikatwa sentimita 24, kila aliyepo huona, watu hucheka, na hasara huishia kwenye kipande kimoja cha mbao. Kosa linaloumiza ni lile dogo ambalo halionekani mpaka mteja awe amesimama mlangoni. Chukua desturi ya mafundi wasioiamini ndoano ya tepu, yaani kile kibati kilichopinda mwanzoni mwa utepe, ambao huanza kupima kutoka kwenye alama ya 1 badala ya mwanzo wa utepe, kisha hupunguza hiyo moja mwishoni. Kwenye tepu yenye mfumo mmoja desturi hiyo ni salama. Kwenye tepu hii fundi huweza kuanza kwenye inchi 1, akasoma upande wa pili kwa sentimita, kisha akapunguza sentimita 1 badala ya 2.54. Kipimo anachokiandika kinazidi nafasi halisi kwa sentimita 1.54, na mlango wa kabati unagoma kuingia. Mlango wa mninga utapigwa randa na mambo yataisha kimya kimya, lakini kioo hakipigwi randa, na MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi) iliyokwisha kubandikwa ukingo haina namna ya kusitiriwa.

Ukingo wa inchi umegawanywa kwa sehemu 16, na hapo ndipo wanafunzi wa ufundi waliozoea rula ya shule hujikwaa. Mwanafunzi anayeona vistari vitatu baada ya inchi 20 huandika 20.3, wakati kipimo chenyewe ni inchi 20 na sehemu tatu za 16, yaani 20.19 hivi. Tofauti hiyo inakaribia milimita 3, nayo inatosha kabisa kuifanya droo ikwame. Baadhi ya tepu za aina hii zina pia almasi ndogo nyeusi kila baada ya inchi 19.2, ambazo zimewekwa kwa ajili ya wajenzi wa nyumba za mbao wa Marekani; kwetu kazi yake ni kuzua maswali tu.

Droo ndizo zinazoipima tepu hii kuliko kazi nyingine yoyote. Reli za droo za mipira ya chuma huagizwa dukani kwa inchi, 16, 18 au 20, lakini ukizilaza mezani na kuzipima utakuta nyingi zina milimita 400, 450 na 500, si 406, 457 na 508. Wakati huohuo, nafasi ambayo reli hiyo hiyo inaihitaji kila upande wa droo ni milimita 12.7, yaani nusu inchi kamili. Kifaa kimoja kina urefu wa mfumo mmoja na unene wa mfumo mwingine, na fundi mwenye tepu ya pande mbili hana kinachomwonya kwamba amevuka mpaka. Nimeona makabati ya jiko ambayo mwili wake ulikatwa kwa kina cha milimita 500 kufuata reli, na masanduku ya droo yakakatwa inchi 20 kufuata jina lililotajwa dukani; kila droo ilitokeza nje kwa milimita 8, safu nzima, na mwenye nyumba hakuhitaji tepu ili aone.

Hali ya soko letu haisaidii. Plaiwudi na MDF huitwa nane kwa nne, ambazo ni futi, ingawa ubao wenyewe hutengenezwa kwa milimita 2440 kwa 1220, na unene wake hutajwa kwa milimita. Misumari ni ya inchi, mbao za paa ni za inchi, nondo ni za milimita. Anayefikiri kwamba milimita 18 ni sawa na robo tatu ya inchi atachimba mfereji kwa biti ya robo tatu ya inchi, ambao ni milimita 19.05, na shelfu italegea humo kwa zaidi ya milimita moja. Kuna mchanganyo mmoja ambao siuhesabu kuwa wa kuchekesha hata kidogo: kuifunga biti ya ruta, mashine ya kuchonga mifereji, yenye shina la milimita 12 kwenye kishikio cha nusu inchi, ambacho ni milimita 12.7. Biti hiyo inaweza kuchomoka mashine ikiwa kwenye mwendo kasi, na hilo halipimwi kwa tepu bali kwa vernia, kipimio cha taya cha vipimo vidogo.

Nisiilaumu tepu kwa makosa ya kalamu, lakini yanaungana nayo. Mteja akiandika 5.5 akimaanisha futi tano na nusu, wapo mafundi watakaosoma futi 5 na inchi 5, wakawa wamepungukiwa inchi nzima. Akiandika 5.10 hali ni mbaya zaidi, kwa sababu futi 5 na inchi 10 ni sentimita 177.8, ilhali futi 5.1 za kikokotoo ni sentimita 155.4. Vitanda navyo vina msiba wao. Mteja huagiza sita kwa sita kwa mazoea, fundi hukata kwa sentimita 183 kila upande kama tepu inavyomwelekeza, kisha godoro jipya linafika likiwa na sentimita 180 kwa 200, na sentimita 17 zinaning'inia miguuni. Karakana yenye busara humwomba mteja vipimo vya godoro lenyewe, tena kwa sentimita.

Tabu hii si ya Keko peke yake. Waakiolojia walioichunguza Vasa, meli ya kivita ya Uswidi iliyozama Stockholm mwaka 1628 katika safari yake ya kwanza, walikuta rula nne za mafundi wake: mbili zilifuata futi ya Uswidi yenye inchi 12, na mbili zilifuata futi ya Amsterdam yenye inchi 11. Angalau mafundi wale walikuwa na rula tofauti mikononi. Sisi tunalipia mkanganyiko huo ukiwa umechapishwa kwenye utepe mmoja.

Kuhusu ubora wa chombo chenyewe nina machache. Utepe unarudi kwa nguvu inayofaa, kitufe kinashika, na namba zinasomeka vizuri kwenye kivuli cha karakana. Ndoano inacheza kidogo, na inapaswa kucheza: mwendo wake ni sawa na unene wake, ili kipimo cha kuvuta nje na cha kusukuma ndani vyote viwe sahihi, kwa hiyo anayeigonga kwa nyundo ili itulie anaiharibu. Kwenye utepe kuna namba II ya Kirumi ndani ya duara, alama ya daraja la usahihi, ambayo kwa mita 5 inaruhusu kosa lisilozidi milimita 1.3. Kwa samani hiyo inatosha. Linalonikera ni kwamba sentimita ziko ukingo wa chini, ilhali fundi anayelaza tepu kando ya ubao hutia alama ukingo wa juu, na jicho linalovuka utepe huokota inchi njiani.

Nimeilinganisha na tepu yenye milimita tupu kwenye kingo zote mbili, ambayo ni adimu zaidi madukani na mara nyingi hutolewa pale tu unapoiomba. Kwa makabati, droo na milango, ninaichagua hiyo bila kusita. Ya pande mbili ninaiachia kazi ya kununua mbao na kupima paa, ambako muuzaji na mnunuzi wote wanazungumza kwa inchi na futi. Karakana ambayo tayari imejaza tepu za pande mbili inaweza kufanya kama msimamizi mmoja ninayemfahamu, aliyeupaka ukingo wa inchi wino mweusi wa kalamu nene kwenye tepu za wanafunzi wake wote. Wino hufutika kwa msuguano na hulazimu kurudiwa, lakini ni nafuu kuliko ubao wa MDF. Ukinunua zaidi ya moja, zikunjue zote dukani na uzilaze sambamba mpaka mita ya mwisho kabla ya kulipa, kisha uangalie kama alama za sentimita 490, yaani milimita 4900, zinakutana.