Vitabu vya picha vya kusoma na watoto masika hii: kipi uanze nacho, kipi ukiache dukani

Masika ndo hiyo, watoto hawatoki nje, TV inaimba katuni toka asubuhi, na mzazi unaona heri ununue vitabu vya picha muwe mnasoma wote jioni. Wazo zuri, ila ukiingia maduka ya vitabu ya huku Dar, hasa yale ya kwenye mamoli, utakuta vitabu vingi vya msimu huu vimetungwa kwa watoto wa Ulaya, ambako Machi mpaka Mei ndo baridi inaisha, theluji inayeyuka, miti iliyobaki vijiti inachipua na vikondoo vinazaliwa. Miezi ni ileile ya masika yetu ila mambo yenyewe mbali kabisa. Sisemi usivinunue, nasema visiwe vya kwanza.

Kipimo changu ni kimoja tu: mvua ikikata, je mtoto anaweza kukikuta kile kitu cha kwenye picha hapohapo uani? Konokono, chura, kumbikumbi wanaozunguka taa, mahindi ya jirani yameanza kuota, masika vyote hivyo vipo bure. Mtoto wa miaka mitatu akimuona jongoo kitabuni halafu kesho yake akamkuta anatembea ukutani bafuni, hapo kazi umemaliza, kitabu atakuletea mwenyewe na ukurasa atakufungulia.

Sasa namba moja kwangu ni vitabu vya Kiswahili vilivyotoka hapahapa, kwa watoto wa kama miaka mitatu mpaka sita. Wachapishaji Mkuki na Nyota wapo tangu 1991 na duka lao ni TPH pale Samora, E&D Vision nao wanachapisha vya watoto, na Mikocheni kuna Soma Book Cafe. Usiulize tu "mna vitabu vya watoto?" maana utaletewa vya silabi na hesabu, sema unataka hadithi za picha, za mvua, shamba, wadudu au wanyama. Ukishapewa usiangalie jalada tu, fungua katikati usome kurasa mbili kwa sauti palepale, hata kama muuzaji anakushangaa. Ulimi ukijikwaa hapo dukani, nyumbani saa mbili usiku umechoka itakuwaje? Kwa umri huo sentensi moja au mbili kwa ukurasa zinatosha sana, na kikiwa na milio ndo raha, chura akaruka chubwi! Hapo mtoto anasubiri hiyo chubwi tu, mengine yote unayosoma ni njia ya kufikia hapo.

Kasoro yake ni karatasi. Vingi ni vyembamba, jalada laini, vimepigwa pini mbili mgongoni, na unyevu wa Dar unavyojua wenyewe, pini ikishika kutu inaacha doa la kahawia halafu ukurasa wa katikati unachomoka. Cheki pini kabla hujalipa, na ukifika nyumbani bandika selotepu pana mgongoni sikuhiyohiyo, usingoje kichanike. Vile vilivyogandishwa kwa gundi bila pini, vikunje kidogo usikilize, vikilia kakaka kama mkate mkavu rudisha.

Namba mbili ni vile vya kurasa ngumu za kadibodi, ila kama mwanao hajafika miaka miwili basi sahau niliyosema juu, hii ndo namba moja yako, maana umri huo kitabu kinasomwa kwa meno. Tafuta chenye kona za mviringo na picha kubwa moja au mbili kwa ukurasa, sio msitu mzima wa vitu vidogovidogo. Vingi vinatoka nje na viko kwa Kiingereza lakini hilo lisikutishe, maneno yenyewe ni machache, wewe piga stori ya Kiswahili juu ya picha. Na hapa ndo vile vya majira ya kuchipua vinaingia: chukua vya yai na kifaranga, mbegu inayoota, kiwavi anayegeuka kipepeo, au mayai ya chura mpaka viluwiluwi mpaka chura, vya theluji na maua ya kwao viweke pembeni kwanza. Akikuuliza kwa nini mti hauna majani mpeleke akaone mibuyu ya Masaki na Oysterbay wakati wa kiangazi, nayo inabaki mifupa mitupu mpaka mvua zirudi. Ila jamani viluwiluwi mkivichota kwenye kopo mviangalie na mmwage sikuhiyohiyo, kopo la maji likikaa ndani wiki mbili mnafuga mbu.

Cha tatu ni cha bure kabisa na sijui kwa nini wazazi wengi hawakijui. African Storybook, mradi wa Saide ya Afrika Kusini, na StoryWeaver ya Pratham Books ya India, wote wana hadithi za picha mtandaoni, za Kiswahili zipo, na leseni yake inakuruhusu kupakua na kuprinti. Soma mwenyewe kwanza maana tafsiri nyingine zimenyooka na nyingine zimepinda. Kusoma kwenye simu mimi siupendi, meseji ikiingia tu mtoto anataka Youtube, bora uende steshenari uprinti. Rangi inakula hela kwa kila ukurasa, so chagua hadithi fupi, au printi nyeusi na nyeupe apake rangi mwenyewe, mchana mzima wa mvua umeshaisha.

Mtumba naupa nafasi ya nne. Vile vya kupangwa chini kule Posta unaweza kuokota jalada gumu zuri kwa hela ya nauli, ila nusa kwanza, harufu ya ukungu haiondoki hata ukianika. Hesabu kurasa, na kama ni vile vya kufunua vidirisha hakikisha vidirisha vipo. Vipya vya jalada gumu kutoka nje ni vizuri lakini bei yake unapata vya hapa kadhaa, kwa hiyo viwe vya zawadi ya birthday, mjomba alipe. Kama hujui mwanao anapenda nini, kabla hujatoa hela mpitishe Maktaba Kuu ya Taifa pale Bibi Titi Mohamed, kuna sehemu ya watoto, muache aguse.

Vya mwisho kabisa ni vile vya kubonyeza vikalia. Kelele tupu, mtoto anabonyeza hasikilizi, na ndani kuna betri ndogo za duara ambazo akimeza zinaweza kuunguza koo ndani ya saa mbili. Kama umeshaletewa zawadi, geuza uangalie kifuniko cha betri, kina skrubu? Kama kinafunguka kwa ukucha toa betri zote, abaki na picha.